Mama, Mapambo ya Mwaka Jana Yako Wapi?

SEHEMU YA 1

 

Jana nilipita Makoroboi kutafuta soksi za shule. Pa kukanyaga sikupaona. Desemba ndiyo kwanza imeanza, lakini njia yote inang'aa: nyuzi za dhahabu, nyuzi za fedha, miti ya plastiki ya kijani, myeupe, hadi ya pinki. Mipira ya kuning'iniza, taa za kuwaka na kuzima, kofia nyekundu za Santa zenye manyoya. Joto hili la Mwanza, mtoto anavishwa kofia ya manyoya!

Mbele yangu alikuwepo dada mmoja, mtoto mgongoni, anapatana bei ya mti. Kijana muuzaji akamwambia, "Dada, mwaka huu watu wanachukua wa dhahabu. Mwekundu ulikuwa mwaka jana." Dada akalipa, akaondoka na wa dhahabu. Simjui, na sikumsemesha. Lakini swali limenikaa kichwani tangu jana, nikaona niwaletee huku: ule mwekundu wa mwaka jana uko wapi?

Na wewe unayesoma, nakuuliza. Ya kwako ya mwaka jana iko wapi? Iko juu ya kabati? Ulimpa mtu? Ilitoka na takataka? Au hujui kabisa?

Nitaanza kujibu mimi, ili msije mkasema nesi anahubiria wenzake. Miaka michache nyuma nilinunua mti, taa na nyuzi za kung'aa kwa hela niliyokopa kikoba. Nikajisemea Januari nitarudisha. Nikapamba, nikapiga picha, nikaweka status, watu wakaniletea mioyo. Januari nikavua kila kitu. Mti ulikuwa umeshavunjika mguu, na nyuzi zilikuwa zimeshika vumbi na mafuta ya jikoni. Nikazisokomeza kwenye kiroba nyuma ya mlango.

Siku moja mvua ilinyesha, mkaa ukalowa, ukawa hautaki kushika. Nikavuta kipande cha uzi ule nikakiwashia chini ya mkaa. Kilishika palepale. Moshi mweusi, harufu inayochoma puani. Mwanangu wa miaka miwili alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, hatua mbili kutoka jikoni. Usiku ule alikohoa mpaka asubuhi.

Mimi huyu, nesi wa watoto. Siwezi kuapa kwamba kikohozi kile kililetwa na uzi ule peke yake, maana msimu wa mvua watoto wanakohoa kwa mambo mengi. Lakini nilijua nilichokichoma na nilijua nani alikuwa anakivuta. Tangu hapo sijanunua pambo jipya hata moja, na nataka na wewe mwaka huu usinunue.

Najua ni maneno mazito kuyasema wakati wa furaha. Ndiyo maana nitaandika kidogo kidogo, kila jioni nikitoka zamu. Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanirushia mawe.

SEHEMU YA 2: HELA

Leo tufanye hesabu. Nitaweka bei za kukadiria, wewe weka za kwako.

Mti mdogo wa mezani Sh 20,000. Nyuzi tatu za kung'aa Sh 6,000. Mipira Sh 5,000. Taa Sh 8,000. Kofia mbili za watoto Sh 6,000. Maputo Sh 3,000. Jumla Sh 48,000. Na hapo bado hujanunua mchele wa pilau wala nguo za sikukuu.

Sasa niambie Sh 48,000 ni nini kwa mwenye mtoto mdogo. Toto Afya Kadi ilipoanzishwa ilikuwa Sh 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima. CHF iliyoboreshwa, ile tuliyoizoea, kaya ya watu sita ilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka. Kaya nzima! Siku hizi mambo ya bima yanabadilika, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, kwa hiyo nenda kituo kilicho karibu nawe uulize viwango vya sasa. Lakini unaona ninachokisema. Hela ya kupamba sebule kwa wiki mbili inakaribia kabisa hela tunayosema hatuna tukiulizwa bima.

Nisikilize vizuri hapa. Simsemi mama asiye na kitu. Asiye na kitu hanunui mti. Ninamsema mama kama mimi wa mwaka ule, mwenye kidogo, anayekitoa Desemba halafu Januari anaenda kukopa kwa kausha damu. Marejesho kila wiki, riba inakula hata mtaji wa vitumbua. Na Januari ndiyo yenye madaftari, sare, viatu na kodi ya nyumba.

Pia ndiyo yenye vifua. Kila Januari nawapokea watoto waliochelewa. Mtoto ameanza kupumua haraka Jumatatu, analetwa Alhamisi. Namuuliza mama, ulikuwa wapi siku zote hizi? Anajibu kwa sauti ndogo, anaangalia chini: "Nesi, nilikuwa natafuta hela." Najua sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Najua pia kwamba bodaboda ya usiku haipandwi bure, na kuna siku dawa itabidi ukainunue nje. Huyo mama simgombezi. Namvua mtoto nguo, naangalia mbavu zinavyoingia ndani kila akivuta hewa.

Na kwa kuwa tumefika hapo, kariri hii, itakusaidia kuliko mti wowote. Mtoto akikohoa, mvue nguo ya kifuani akiwa ametulia, shika simu, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mwenye miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja, akifika pumzi 50 au zaidi, anapumua haraka. Mwenye mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mchanga wa chini ya miezi 2, ni 60 au zaidi. Hapo hakuna kusubiri kesho. Na mbavu zikiingia ndani, au akishindwa kunyonya, usihesabu tena, toka.

Kwa hiyo naomba hivi: kabla hujatoa hela ya pambo, weka pembeni nauli ya usiku ya kumpeleka mtoto hospitali. Iweke kwenye bahasha, uiandike jina la mtoto. Ikibaki hela baada ya hiyo, baada ya madaftari na baada ya bima, basi tuendelee kubishana kuhusu mti.

SEHEMU YA 3: YANAPOKWENDA

Wengine mmeniambia, "Nesi, hela ni yangu, sikopi kwa mtu." Sawa. Leo tuache hela, tulifuate pambo lenyewe.

Mapambo haya mengi yanatoka China. Kuna mji unaitwa Yiwu, jimbo la Zhejiang, unaojulikana duniani kote kwa kutengeneza vitu vya Krismasi. Kwa hiyo huo uzi umevuka bahari, umepanda lori kutoka bandarini, umefika Mwanza, ili ukae ukutani kwako wiki mbili. Na baada ya wiki mbili?

Huwa tunasema "nimetupa". Mwanza yetu hii unatupia wapi, mama? Mji ni wa mawe na vilima. Watu wamejenga juu ya miamba Mabatini, Igogo, Isamilo, na kuna nyumba nyingi ambazo gari la taka haliwezi kuzifikia hata likitaka. Njia za pambo ni tatu tu.

Ya kwanza, linazolewa, linapelekwa dampo la Buhongwa. Halijaisha, limehama. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Itakatika vipande, vipande vitakatika vidogo zaidi, na bado itakuwepo.

Ya pili ni ile yangu ya jikoni. Tunachoma uani jioni, au tunawashia mkaa. Nyuzi nyingi za kung'aa, na hata miti mingi, hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC, ndugu yake lile bomba la maji la kijivu. Ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevunyevu wa macho, koo na mapafu inageuka tindikali. Ndiyo maana inachoma. Moshi wake pia una sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka. Sasa mtoto mdogo anapumua haraka kuliko wewe, kimo chake ni kile cha jiko, na njia zake za hewa ni nyembamba. Moshi unaokufanya wewe upige chafya mara mbili, yeye unambana.

Ya tatu ni mtaro. Mvua zetu za vuli zinakuja Novemba na Desemba, sikukuu ikiwa hapohapo. Maji yanashuka kutoka milimani na kila kilichoachwa nje, yanaingia Mto Mirongo, na Mirongo unapita katikati ya mji kwenda kumwaga ziwani. Mnaokaa Mabatini hamhitaji nesi awaeleze Mirongo ukiziba unafanya nini. Maji yanaingia ndani, vyoo vinafurika, halafu sisi tunaanza kuandaa chumba cha wagonjwa wa kuharisha. Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilipita hapa Mwanza, Simiyu na Shinyanga. Sisemi kililetwa na mapambo, nisiwadanganye. Nasema mtaro uliozibwa na plastiki hauulizi kama ilikuwa chupa ya soda au uzi wa Krismasi.

Na ziwani ndiko tunakokula. Maji ya bomba ya mji huu yanavutwa ziwani, Capri Point na Butimba. Samaki wako huko. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya hapahapa: walinunua sangara na sato Mwanza, wakapasua matumbo. Kwa kila aina, samaki mmoja kati ya watano alikutwa na vipande vidogo vya plastiki, za aina tunazotumia majumbani. Haina maana uache kumpa mtoto sato, hapana. Mpe, ni chakula kizuri sana, toa tu matumbo vizuri. Maana yake ni kwamba tulichotupa kimeanza kurudi.

Nimalizie na hili, hasa kwa ninyi vijana. Mnalijua gugu maji. Mnajua lilivyoenea duniani? Lilitoka Amerika Kusini, na watu walilibeba nchi kwa nchi kwa sababu ua lake la zambarau linapendeza. Walilifuga kwenye madimbwi yao kama urembo. Lilikuwa pambo! Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na kufika katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunika ghuba, mitumbwi haitoki, bandari zinazibwa. Ikabidi waletwe wadudu wa kulila. Mpaka leo bado tunaling'oa kwa mikono. Kwa hiyo mtu akiniambia "nesi, pambo tu hilo lina madhara gani", namwambia aende Mwaloni akawaulize wavuvi.

SEHEMU YA 4: KABLA HALIJATOKA NDANI

Leo ni fupi lakini naomba uisome mara mbili, na umsomee na dada wa kazi.

Kuna taa ndogo, kadi zinazoimba, vidoli vya kuwaka na mishumaa ya bandia vinavyotumia betri ndogo za duara, zile kama za saa. Zinang'aa, ni laini, zinatosha kabisa kwenye mdomo wa mtoto anayetambaa. Vifaa vya bei rahisi kifuniko chake hakina hata skrubu, kinafunguka kikianguka mara moja.

Mtoto akimeza betri hiyo na ikanasa kwenye koo la chakula, haikai tu kama shilingi. Inatengeneza umeme na mate, inaanza kuunguza nyama kutoka ndani. Ndani ya saa 2 inaweza kuwa imeshaleta jeraha kubwa. Saa mbili, mama, ni muda wa kupika maharage. Na dalili zake zinafanana na mafua: anatoa mate mengi, anakataa kula, anakohoa, analia. Ukihisi amemeza, hata kama huna uhakika, usimtapishe. Usisubiri aipate kwenye choo. Kimbia hospitali, ubebe na kifaa chenyewe kama kipo, useme neno "betri" mlangoni kabla hujasalimia mtu.

Zipo pia zile taa za bei ya chini zenye waya mwembamba kama nywele, zinachomekwa kwenye ekstensheni moja na friji na televisheni, usiku kucha, pembeni ya pazia na mti wa plastiki. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, watu wamelala. Sihitaji kuendelea.

Na mipira ile inayovunjika kama kioo? Nimetoa vipande vyake kwenye nyayo za watoto. Na utepe mrefu unaoning'inia karibu na kitanda cha mtoto? Unajua mwenyewe.

Najua mama hakununua vitu hivi kwa ubaya. Alinunua ili mtoto afurahi. Ndiyo inayoniuma, kwamba hela ngumu, iliyotoka kwenye genge au kwenye mshahara mdogo, imeleta nyumbani kitu cha kuvuliwa, kuzibuliwa kooni au kuzimwa moto.

SEHEMU YA 5: MAJIBU YENU

Jamani mmenijibu! Tuchukue hoja moja moja, maana nyingine zina haki.

"Unataka machinga wasile?" Hoja nzito, na mdogo wangu mwenyewe ni machinga. Lakini machinga anauza tunachotaka. Juzi alikuwa anauza miamvuli, jana soksi, leo miti, Januari atauza madaftari. Ile elfu ishirini ya mti, akishatoa ya jumla na ya mzigo, kinachobaki mkononi kwake ni kidogo. Nunua kwake soksi, daftari, kikombe cha mtoto. Hela yako atakula vilevile, na wewe utakuwa na kitu Machi.

"Watoto watajisikia wanyonge kwa majirani." Mwenzangu, muulize mtu mzima yeyote wa Mwanza anakumbuka nini kuhusu Krismasi ya utotoni. Atakutajia pilau. Atakutajia soda nzima ya peke yake. Nguo mpya iliyokuwa kubwa kidogo ili ivaliwe na mwakani. Kulala kanisani kwenye misa ya mkesha na kuamshwa na vigelegele. Kupanda meli au basi kwenda kwa bibi, matobolwa na michembe. Mimi sijawahi kumsikia mtu akisema "nakumbuka tulikuwa na mti wa dhahabu". Unyonge unaosemwa hapa mara nyingi ni wetu sisi mama, tunaoangaliana kwenye status.

"Mbona ofisini, hotelini na kanisani wanapamba kuliko sisi?" Hapa mmenishika, na nakubali. Kama nyumba yenye watoto wawili inaambiwa iache, basi na taasisi iache kutupa mti kila mwaka kwa sababu rangi imebadilika. Uko kwenye kamati ya sherehe kazini? Uko kwenye jumuiya? Simama useme: tutumie ya mwaka jana. Mtu mmoja akisema, wengine watano watashukuru kimyakimya, maana nao michango imewachosha.

"Dunia nzima inafanya, sisi hatuwezi kubadilisha." Hii ndiyo siikubali kabisa. Umesahau rambo? Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mifuko ya plastiki mwisho, na Juni 1, 2019 ikawa mwisho. Mnakumbuka tulivyolalamika? Eti nyama tutabebea nini, dagaa tutawekea nini. Tukarudi kwenye vikapu vya mama zetu, tukanunua mifuko mbadala, tukazoea. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajui rambo ni nini.

Tofauti ni kwamba katazo lile liligusa mifuko ya kubebea. Mti wa plastiki na uzi wa kung'aa havikuguswa. Hakuna mgambo atakayekusimamisha Makoroboi. Hapa katazo lazima ujiwekee mwenyewe, na mimi naamini mama wa Mwanza anaweza, kwa sababu nimemuona akifanya magumu zaidi ya hilo.

SEHEMU YA 6: BASI TUFANYEJE

Kwanza, kama tayari una mti wa plastiki, usiutupe! Nimeona wengine mnasema mtautoa leo leo. Hapana, hiyo nayo ni kutupa. Ufute vumbi kwa kitambaa kibichi, uutumie mwaka huu, mwakani na miaka kumi ijayo. Mguu ukivunjika usimamishe kwenye ndoo ya kokoto. Usionee aibu rangi yake. Mti wa miaka kumi ni sifa kwako.

Pili, kama huna, usinunue. Chukua madaftari ya watoto yaliyokwisha mwaka huu. Kata karatasi vipande virefu, wapake rangi wenyewe, mbandike kwa uji wa unga mzito uwe gundi, mtengeneze minyororo. Pita kwa fundi cherehani, muombe vipande vya vitenge anavyofagia jioni, uvifunge kwenye kamba moja baada ya kingine. Nakuhakikishia hakuna uzi wa dukani utakaoshindana na rangi za vitenge. Tawi la mti uani, likatwe kwa kupogolea tu, siyo kuangusha mti. Maua ya getini. Kazi hii wape watoto wenyewe, Desemba wako likizo na wanakusumbua.

Na sikukuu ikiisha, vitambaa unakunja unaweka. Karatasi ndiyo uwashie mkaa, kwa amani, ukiwa umemsogeza mtoto mbali na jiko.

Tatu, azimaneni. Nyumba kumi za mtaa mmoja zikiwa na taa seti moja nzuri, mkakaa wote jioni moja kwenye uwanja wa mwenye nafasi, watoto wakaimba, mmeshapata sikukuu.

Wakatoliki wenzangu mnalijua pango. Krismasi ya mwaka 1223, pale Greccio, Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka watu waone jinsi Mtoto alivyozaliwa. Alichotumia ni hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Basi. Sasa sisi Usukumani, watu wa ng'ombe, tunaojua harufu ya zizi tangu tukiwa mgongoni, tunaenda kununua zizi la plastiki lililotoka ng'ambo? Hori tunalo. Nyasi tunazo. Aliyelazwa pale alikuwa mtoto mchanga aliyehitaji joto, maziwa ya mama na hewa safi, kama huyo wako.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili tu wiki hii. Leo usiku, kabla hujalala, tafuta mapambo ya mwaka jana yaliko. Ukiyapata, ndiyo ya mwaka huu. Usipoyapata, jiulize yameishia jikoni, mtaroni au ziwani, na usinunue mengine. La pili, ile bahasha yenye jina la mtoto. Weka hata Sh 5,000 ya kuanzia.

Mimi Krismasi hii niko zamu ya usiku. Wodi yetu tumeipamba kwa vipande vya vitenge na nyota za maboksi ya glavu. Watoto waliolazwa wamezikata wenyewe, wale wenye nguvu ya kushika mkasi. Natamani nisiwaone wa kwenu huko. Mkiona kifua kinabana, njooni mapema, nipo.

Mtumie na mwenzako anayejiandaa kwenda Makoroboi kesho.

 Krismasi njema.
Nesi wenu.